Kwaheri Asiyoitoa Bi Radi

Tulimwacha Bi Radi kwenye korido ya studio, mkono umeshika kitasa. Ndani ya chumba kulikuwa na mwanamke anaimba.

Mwanamke huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Wewe uliyechelewa kuingia kwenye hadithi hii, usihangaike, nakusogezea kiti. Bi Radi ni mwimbaji wa roki na mtunzi wa nyimbo zake mwenyewe. Ameanza kuimba enzi zile watu wakimwona mwanamke na gitaa la umeme begani walikuwa wanacheka kwanza, kisha wanaziba masikio. Leo ana mvi kichwa kizima, magoti yanamlalamikia kwenye ngazi, na ana albamu mpya aliyoipa jina Bado Nipo. Nyimbo zote zimesharekodiwa isipokuwa wa kufunga. Huo umemgomea. Wiki nenda wiki rudi anauvuta kama mtu anayevuta punda kwenye matope.

Alasiri hii alikuja kuukabili tena, koo linamkwaruza tangu asubuhi, ndipo akaisikia sauti yake ikimtangulia chumbani.

Akausukuma mlango.

"Nani anaimba humu?"

Fundi Mitambo aliruka. Kiti chake cha ofisi chenye magurudumu kikarudi nyuma kikagonga ukuta, na kidole chake kikaenda chenyewe kwenye kitufe. Muziki ukakatika.

"Shikamoo, mama. Leo umewahi."

"Sikuja kuamkiwa. Nimeuliza nani anaimba."

"Ni... ni wewe, mama."

"Mimi niko hapa mlangoni na mkoba wangu kwapani. Huyo wa kwenye spika ni mimi yupi?"

Fundi Mitambo akakirudisha kiti mezani. Alikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu na mke, lakini mbele ya Bi Radi kila mara alirudi darasa la pili.

"Ni mashine, mama. Ukiilisha sauti ya mtu, inajifunza. Tuliilisha albamu zako za zamani. Sasa ukiipa maneno, inaimba kama wewe."

"Tuliilisha? Wewe na nani?"

Fundi akavitazama viatu vyake kana kwamba jibu limeandikwa kwenye kamba.

"Haya. Rudisha wimbo mwanzo."

"Mama, labda tunywe maji kwanza..."

"Rudisha!"

Chumba kilikuwa na joto la kuokea mkate. Feni ilikuwa imezimwa, maana hapo studio feni ikiwaka inaingia kwenye rekodi, na jasho likawa linamtambaa Bi Radi mgongoni. Spika zikanguruma. Gitaa likaingia, zito, likifuatwa na besi. Kisha ikaja ile sauti.

Ilikuwa sauti yake ya ujanani, imara, haina mkwaruzo hata mmoja. Ilipanda juu bila kushika ukuta. Bi Radi alijikuta anamwonea wivu yule mwanamke.

*Mzigo ninautua, mabega yameshachoka,*
*Pazia likifunguka, nyuma yake nafichika,*
*Koti nimemshikia, mwenye koti anawaka,*
*Kwaheri yangu pokea, nami jua nalitaka.*

Akavuta kiti akakaa.

Wimbo ulikuwa mzuri. Hapo ndipo palipomuuma. Yeye, mtunzi wa watu, amekwangua kichwa chake kama sufuria na hakupata hata ukoko, halafu mashine isiyo na koo inatema ubeti kama huu!

"Maneno katunga nani?"

"Yaliletwa, mama."

"Na nani?"

"Nilikula kiapo."

"Kiapo hakishibishi. Nani?"

Kabla Fundi hajafumbua mdomo, simu yake mezani ikaita. Akaikimbilia. Bi Radi akawahi, akaibonyeza, akaiweka sauti ya wazi, akamwekea Fundi kidole mdomoni.

Aliyekuwa upande wa pili ni Meneja wa kampuni ya muziki, mtu anayeongea kama ana basi la kuwahi.

"Fundi! Ule wimbo wa bibi umeshafika redioni. Watafungua nao kipindi cha jioni. Sasa sikiliza, usimwambie chochote. Akisikia tumemtangazia kustaafu atapiga kelele wiki nzima, wiki ya pili atatushukuru. Umenisikia?"

"Nimekusikia," akasema Bi Radi.

Upande wa pili kitu kikaanguka.

"Ah! Malkia! Ni wewe?"

"Nani anastaafu?"

"Malkia wangu, tulia. Jana nilipita hapo studio, huyu bwana alikuwa anausikiliza ule wimbo wa kwaheri. Nikasimama mlangoni, nikatokwa na machozi. Mimi! Nikasema basi, sasa albamu imepata habari. Tumebadilisha hata jina. Inaitwa Kwaherini."

"Albamu yangu inaitwa Bado Nipo."

"Sikiliza nikwambie ukweli. Mkongwe anayesema bado nipo anawachosha watu. Mkongwe anayeaga, kila mtu anamtaka ghafla."

"Lakini mimi sijaaga! Ule wimbo sikuuimba mimi!"

"Sauti ni ya nani?"

Bi Radi akageuka kuitazama spika.

"Umeona?" Meneja akasema kwa upole wa mtu anayekukanyaga kidole akiwa anakuomba radhi. "Ikifika jioni utakuwa umeaga. Ninakuja hapo na mpiga picha."

Simu ikakatika.

Bi Radi aliitazama ile simu kama anayetaka kuitafuna. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Kuna hasira zinazomfaa mtu kupiga meza, lakini hii haikuwa na meza ya kutosha.

Mlango ukafunguka, akaingia Gunia.

Gunia ni mpiga drams wake wa tangu zamani. Jina alilipata kwa sababu akikaa kwenye kiti, kiti hakionekani tena. Alikuwa anajifuta macho kwa shati.

"Dada," akasema, sauti imekatika. "Kweli unaacha muziki, hata mimi hukuniambia?"

"Gunia, usianze."

"Nimeusikia kutoka ngazini nikakaa chini nikalia. Watu wamenipita wakidhani nimefiwa. Dada, hujawahi kuimba hivyo. Tangu tujuane! Yaani pale penye *nami jua nalitaka*..."

"Si mimi niliyeimba!"

"Unajishusha bure."

"Ni mashine, we mzee! Mashine!"

Gunia akamtazama Fundi. Fundi akaitikia kwa kichwa. Gunia akafikiri kidogo.

"Basi mashine ina uchungu," akasema.

Mkoba wa Bi Radi ukapita karibu na sikio lake ukagonga ukuta.

Ulipoanguka chini, na vikorokoro vyake vikamwagika sakafuni, ndipo kitu kikamgonga Bi Radi mwenyewe. Maneno. Yeye ni mtunzi, na mtunzi hata akiwa na ghadhabu anasikia maneno.

"Gunia. Umewahi kuniona nimemshikia mtu koti?"

"Wewe? Wewe hata mwavuli wako unashikiwa."

"Na pazia likifunguka, mimi nakuwa wapi?"

"Mbele, dada. Mbele kabisa, mpaka unanizibia taa."

"Basi huyu anayeaga si mimi," akasema taratibu. "Huyu anasimama nyuma ya pazia. Ana koti mkononi. La mwenzake."

Hakukuwa na haja ya jibu, kwa sababu mlango ulifunguka kwa mara nyingine, akaingia binti yake.

Chupa ya maji ya moto ya kulainishia koo ilikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia alikuwa amekumbatia koti la ngozi la mama yake, lile la kupigia picha ya jalada.

Binti huyu watu wote wa muziki wanamwita Kimya. Tangu utoto alikuwa anakaa nyuma ya jukwaa bila kusema neno, na alipokua akabaki hapohapo. Ndiye anayepanga safari. Ndiye anayebadilisha nyuzi, anayegombana na wenye kumbi, anayejua mama yake anakunywa nini na hali nini. Alikuwa ameshafika umri ambao wenzake wanawasomesha watoto.

Akaona mkoba sakafuni. Akaona uso wa Fundi.

"Ameusikia," akasema.

"Nimeusikia!" Bi Radi akalipuka. "Na jioni hii dunia nzima itausikia! Redio inatangaza nimestaafu! Mwanangu wa kumzaa, unanizika nikiwa napumua!"

Kimya akaitua chupa mezani. "Redio? Redio imeupataje?"

"Meneja aliusikia jana," Fundi akasema kwa sauti ya panya. "Akauchukua. Nilishindwa kumkatalia."

"Nilikuambia uufute!"

"Nilikuwa nausikiliza mara ya mwisho..."

"Nyamazeni nyote wawili," akasema Bi Radi. "Wewe binti. Unataka nistaafu? Sema. Nimekuwa mzigo? Sauti yangu imezeeka, ukaona uniundie nyingine?"

"Hapana, mama."

"Umeniandikia kwaheri!"

"Sikukuandikia wewe."

"Sauti ni ya nani?"

"Sauti ni yako, mama. Kwaheri ni yangu."

Msomaji wangu, kuna maneno yakitamkwa hata gitaa ukutani linasikia.

"Naacha kazi," Kimya akaendelea, haraka, kama mtu anayevuka barabara. "Mimi na rafiki yangu tumepata shamba dogo la kitalu cha miche. Nataka kuamka asubuhi kama watu. Nataka kazi ambayo jua likiwaka mimi niko nje."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unakaza nyuzi, ukasema shika hapa. Nikakuambia tena kwenye gari, ukasema ongeza redio. Nikakuambia siku ya kuzaliwa kwako, ukasema mstari huo ni mzuri, ukaenda kutafuta kalamu."

Gunia akakohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko mahali pasipofaa.

"Nyumbani kwetu sauti inayosikilizwa ni moja tu," akasema Kimya. "Nikaiazima. Nilitaka nisikie mara moja tu maneno yangu yakisemwa kwa sauti ambayo watu wanaiitikia. Basi. Halafu yafutwe."

Sasa hapa, kama Bi Radi angekuwa mama wa kwenye picha za kalenda, angemkumbatia mwanawe na sisi tungeenda kulala. Lakini Bi Radi alikuwa na albamu isiyo na wimbo wa kufunga, koo bovu, na redio inayosubiri kumzika.

"Lakini kwa nini wiki hii?" akafoka. "Albamu haijaisha!"

Kimya akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, hakina meno.

"Umeona?" akamwambia Gunia. "Umemwona?"

"Kimya kingi kina mshindo, dada," Gunia akasema polepole. "Leo mshindo umelia. Sikiliza."

"Nisikilize nini? Mashine?" Bi Radi akalivuta gitaa lake kutoka ukutani, akaingiza waya. Amplifaya ya gitaa ikavuma ule mvumo wake wa kukera ambao mafundi wote wameushindwa. "Sisikilizi mashine mimi. Kama una la kuniambia, niambie kwa koo lako. Ingia mle ndani."

"Mimi siimbi, mama. Unajua siimbi."

"Na mimi siachiwi kazi kwa kanda. Ingia!"

Mama na binti wakatazamana. Halafu Kimya akaliweka koti kwenye kiti, akafungua mlango wa kioo, akaingia chumba cha kuimbia. Akavaa hedifoni kinyumenyume. Hakuna aliyethubutu kumrekebisha.

Bi Radi akapiga nyuzi. Gunia akajipenyeza nyuma ya ngoma zake, akashika brashi laini badala ya fimbo.

"*Mzigo ninautua...*"

Ilikuwa sauti nyembamba, yenye vumbi. Ilianza chini ya noti, ikapanda, ikapitiliza.

"Shusha mabega," akasema Bi Radi. "Pumua kwa tumbo, usi..."

"Mama!"

"Haya."

"Niache nikosee."

"Nimesema haya."

Akaanza upya. Bi Radi akauma mdomo wa chini. Kila alipotaka kusema neno, alipiga uzi badala yake, na nyuzi siku ile zilipigwa kweli. Kwenye *nyuma yake nafichika* binti alikosa noti kabisa. Kwenye *mwenye koti anawaka* sauti ilipasuka, naye hakusimama. Akaimba ubeti wote hivyohivyo, ukiwa na nyufa, macho ameyakaza kwenye kioo, kwa mtu mmoja.

Bi Radi ameimbiwa na viwanja vizima. Watu maelfu wamewahi kumrudishia maneno yake mwenyewe usoni. Lakini hajawahi kusimama mahali mtu akamwimbia wimbo ambao yeye ndiye anayeshtakiwa ndani yake, huku vidole vyake mwenyewe vikishika gitaa la mashtaka. Alitaka kukasirika. Hasira ikaja nusu njia ikageuka.

Ngoma ikanyamaza. Gitaa likavuma likafifia.

Makofi yakasikika mlangoni.

Alikuwa Meneja, suti yake imelowa jasho, mpiga picha nyuma yake. Hakumtazama Bi Radi hata kidogo. Alikuwa anatazama kioo.

"Huyu nani?"

"Binti yangu," akasema Bi Radi.

"Yule wa kubeba maji?" Meneja akageuka kwa Fundi. "Umerekodi?"

Taa nyekundu juu ya mtambo ilimjibia Fundi. Mkono wake umezoea. Mtu akianza kuimba, wenyewe unabonyeza.

"Aisee," Meneja akanong'ona. "Mama anaaga, binti anaingia. Hapana! Afadhali zaidi. Mama haagi. Mama na binti, albamu moja. Binti anafunga kwa wimbo huu, kwa sauti hii yenye michubuko." Akamkabili Bi Radi. "Malkia, nakupa unachotaka. Napiga simu redioni sasa hivi, ule wa mashine hauchezwi. Hustaafu. Jina linarudi Bado Nipo. Mnafanya ziara, nchi baada ya nchi. Sharti moja tu: huyu binti abaki. Akiondoka, sina habari ya kuuza, na kwaheri inachezwa kama ilivyopangwa."

Akatoa simu, akaibonyeza. "Watu wa redio wako hewani baada ya tangazo hili. Semeni."

Bi Radi akahisi kitu kikimruka kifuani. Ziara! Nani angemlaumu? Angekuwa na albamu yake, jukwaa lake, na mwanawe pembeni, vyote kwa neno moja. Tena si yeye wa kulisema.

Wote wakamtazama Kimya kupitia kioo. Alikuwa amesikia, mikrofoni ya mezani ilikuwa wazi.

Akavua hedifoni. Akatoka. Mabega, yale yaliyokuwa yamepanda wakati wa kuimba, yakashuka mahali pake pa kila siku.

"Sawa," akasema. "Nitabaki. Albamu hii moja. Kitalu kitasubiri."

Na alipokuwa anasema, mkono wake ukaenda kwenye kiti, ukaliokota koti la mama yake, ukalikunja, ukalikumbatia. Hakujua kama amefanya hivyo. Mkono ulijua.

Bi Radi aliuona mkono ule.

"Nipe hiyo simu," akamwambia Meneja.

Meneja akatabasamu, akampa.

"Haloo. Wewe wa redio? Mimi ni Bi Radi. Ndiyo, mwenyewe. Ule wimbo wa kwaheri mlionao hapo." Akalitazama tena koti kifuani mwa binti yake. "Upigeni."

"Mama!"

"Malkia, unafanya nini?"

"Upigeni," akarudia, "tena kwa sauti ya juu." Akakata, akairudisha simu kwenye kiganja cha Meneja. "Na hicho ulichorekodi hapa, Fundi, kifute mbele yangu. Leo usisikilize mara ya mwisho."

Fundi akafuta.

Meneja akaangalia saa, akamwangalia mpiga picha, akainua mabega. Kwaheri bado ilikuwa inauzika. Akaamuru Bi Radi apigwe picha moja bila kumwomba, akatoka akiongea na simu nyingine.

Chini barabarani, redio ya duka la magodoro ikaanza. Mtangazaji alikuwa na ile sauti ya msibani. Malkia wa roki, alisema, ametundika gitaa. Kisha mashine ikaanza kuimba, na Gunia akavua kofia, akakumbuka hakuna aliyekufa, akaivaa tena kwa haya.

"Mama, unajua ulichokifanya?" Kimya alikuwa analia sasa, bila sauti, jinsi anavyofanya kila kitu. "Watu wote wanasikia kwamba umeacha!"

"Wacha wasikie."

"Miaka yako yote!"

"Nimekufukuza kazi, mwanangu," akasema Bi Radi kwa ukali, maana upole ungemwangusha. "Umesikia? Umefukuzwa. Lete koti langu. Nenda kabla sijakutafutia kitu cha kushika."

Kimya akampa koti. Akasimama, kama anayesubiri neno lingine. Bi Radi akajifanya anatafuta kitu kwenye waya za gitaa. Hatua zikaenda mlangoni, zikasita, zikashuka ngazi.

Gunia akapiga upatu mara moja, kidogo, bila sababu.

"Sasa je, dada?"

Bi Radi akafuta uso kwa mkono wa koti. Alipoinua kichwa, macho yalikuwa mengine. Wale waliofanya naye kazi wanayajua macho hayo. Wimbo ukija, huja nayo.

"Fundi, fungua mtambo. Nimepata wimbo wa kufunga."

"Lakini mama," Fundi akasema, akionyesha chini redio inakotokea, "umestaafu muda huu huu."

"Aliyestaafu ni mashine. Mimi sijafumbua hata mdomo. Gunia, hesabu."

Gunia akagonga fimbo. Fundi akafungua mtambo. Gitaa likaingia, na lilikuwa gitaa ambalo hawajalisikia kutoka kwake kwa muda mrefu, halina haraka, halijisifu. Maneno yalikuwa yamejipanga yote kichwani, yeye aliyeyawinda wiki nenda wiki rudi, yamekuja yenyewe kama kuku wakati wa kulala. Mstari wa kwanza ulikuwa ni jina la mwanawe. Si Kimya. Lile alilompa siku ya kwanza, ambalo hakuna anayelitumia tena.

Akakisogelea kipaza sauti. Akavuta pumzi ya tumbo. Akafumbua mdomo.

Hakukutoka kitu.

Gunia akarudia mapigo, akidhani amechelewa. Akajaribu tena. Mishipa ya shingo ikasimama, mdomo ukaliunda jina zima, na kilichopita ni hewa tu, kama tairi linalotoka upepo. Akashika koo. Akajaribu kuongea. Hewa.

"Dada?" Gunia akaangusha fimbo. "Dada, sema kitu!"

Akawapa ishara ya mkono, akakimbilia dirisha dogo la chumba cha mitambo, akalisukuma. Kelele za barabara zikaingia pamoja na wimbo, maana maduka yote sasa yalikuwa yamefungulia redio moja, na sauti yake ilikuwa imeenea mtaa mzima, nene, safi, ikiaga.

Kimya alikuwa ameshavuka. Alikuwa upande wa pili wa barabara, mikono mitupu, hajui aifanyie nini. Akageuka. Akainua uso akamwona mama yake dirishani amefumbua mdomo.

Akasimama palepale katikati ya wapita njia, akasubiri kuitwa.